Kitanda cha Elia Kilikuwa Kimetandikwa

Jumamosi. Mawingu yameshuka mpaka milima ya Usambara haionekani, na mvua yenyewe haitaki kuamua. Nimeamka na uchovu wa mtu aliyecheza mechi, ilhali sijagusa mpira tangu turudi.

Nimechoka kutazamwa.

Hapa Makuyuni kila mtu ananisalimia vizuri, kisha jicho linabaki usoni mwangu hata salamu ikishakwisha. Mama muuza maandazi ananifungia yangu na kuuliza, "Na yule mwenzako, mwalimu?" Wanafunzi wa darasa la sita wananyamaza nikiingia. Hata mwalimu mkuu, ambaye hajui mpira wowote, juzi aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kule tulikokwenda kuna kazi.

Niandike tangu mwanzo, maana mambo yameanza kunichanganya mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni kipa. Si kipa wa uwanja wa nyasi. Ni kipa wa futsal, mpira wa ukumbini, watano kwa watano juu ya sakafu, na mpira mdogo mzito usiopenda kudunda. Mama yangu kule Kang'ata, Handeni, mpaka leo hauelewi mchezo huu. Huwaambia majirani kwamba mwanawe anacheza mpira ndani ya nyumba.

Elia ni fundi pikipiki wa Kerenge, Mshambaa, mtoto pekee wa mjane. Tulikutana Korogwe mjini, kwenye ghala kuukuu la mkonge ambalo vijana walilifagia wakachora mistari. Saruji ile ilituchuna magoti yote. Yeye alikuwa anapiga, mimi nadaka, mpaka nikawa najua kutokana na bega lake mpira utaelekea wapi. Nilidhani namjua Elia mzima, kumbe nilikuwa najua bega lake tu.

Mwaka huu tukaitwa wote wawili timu ya taifa ya wanaume, kwenda mashindano ya kimataifa. Nchi yenyewe siitaji. Ni mbali, na baridi yake inapasua midomo. Korogwe walitusindikiza kwa ngoma.

Mechi za mwanzo tulifungwa, tena vibaya. Wale wenzetu wanacheza futsal tangu wanajifunza kutembea. Lakini ya mwisho tulitoka sare, na bao letu alifunga Elia. Alimpokonya beki wao mpira pembeni, akauviringisha kwa unyayo mbele ya kipa, kulia, kushoto, kipa akakaa chini. Ukumbi mzima, watu wasiotujua, ukasimama. Nilikimbia kutoka golini kwangu mpaka kwake kumkumbatia, nikakuta analia. Nikadhani ni furaha.

Asubuhi ya kuondoka nilipofumbua macho, kitanda chake kilikuwa kimetandikwa.

Elia hajawahi kutandika kitanda. Kambini walikuwa wanamtania kwa hilo. Sasa shuka lilikuwa limevutwa kama la hospitali, na jezi yake imefuliwa, imekunjwa, imewekwa juu ya mto. Begi halipo.

Tulimtafuta kwenye chumba cha chakula, mapokezi, mpaka bustanini. Meneja wa timu alipiga simu huku na huku, na kila simu sauti yake ilizidi kushuka. Mwishowe basi likaondoka na kiti kimoja kitupu. Kwenye ndege hakuna mchezaji aliyekaa karibu nami kwa hiari yake. Nilikuwa nimelala naye chumba kimoja, kwa hiyo najua. Ndivyo walivyoamua.

Sikujua.

Ila nikiri jambo moja hapa, kwa sababu hapa hakuna anayenihoji. Nilipokiona kile kitanda, kitu cha kwanza kunipanda kifuani hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu.

Tangu siku ile nimekuwa nikirudia kila kitu kichwani kama mtu anayepekua mifuko ya nguo za mwenziwe. Aliniuliza neno la "stesheni" kwa lugha yao, nikamfundisha. Alikuwa anatoka peke yake kwenda kununua maji, na maji yalikuwa tele hotelini. Siku moja alinishika bega akasema, "Saidi, wewe ni mtu mzuri sana," nami nikacheka, nikamwambia aache upuuzi, alale. Kila kumbukumbu niliyokuwa nayo ya safari ile sasa ina harufu. Sijui tena ni lipi lilikuwa la urafiki na lipi la maandalizi.

Juzi meneja alinipigia. Si mtu mbaya, lakini na yeye ana wakubwa wake. Alisema kambi ya mashindano yanayofuata inakaribia, na anataka kuwaeleza wakubwa kijana wetu yuko wapi. Kisha akasema taratibu, "Mwalimu, nakuamini. Nisaidie niendelee kukuamini. Nenda kamwone mama yake."

Nikakubali. Tangu nikubali najiuliza nilikuwa nakwenda kumpa pole au kumpeleleza.

Basi leo asubuhi nikapanda pikipiki kwenda Kerenge. Njiani ni mkonge, kisha mpunga, kisha michungwa, na udongo mwekundu uliopanda mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumfariji. Nilimwona akilini akiwa amekaa chini, kanga kichwani, majirani wamemzunguka.

Nilimkuta anapalilia maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," akaongeza salamu ya Kishambaa. "Nilijua utakuja, sikujua lini." Akaweka jembe chini, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Umekonda. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akaangalia barabara nyuma yangu. Aliitazama kwa muda, mpaka na mimi nikageuka kuona kama kuna mtu.

Alinikaribisha ndani, akaniletea makande na chai ya mchaichai. Picha ya Elia na jezi ya taifa iko ukutani, kwenye fremu mpya. Nikampa pole. Akaipokea kama mtu anayepokea salamu za ukoo wa mbali. Hapo shaka ikaanza kunipanda. Mama aliyepotelewa na mtoto wake wa pekee ugenini hapalilii maharage kwa mistari iliyonyooka vile. Mama wa namna hiyo angenishika shati aniulize amekula nini mara ya mwisho, alikuwa amevaa nini, alisema nini. Huyu aliniuliza mambo mawili tu.

"Walimtafuta sana?"

"Sana, mama."

"Na polisi wa kule?"

"Waliambiwa."

Akachungulia nje ya mlango. Halafu akasema, "Zima simu, mwanangu."

Nilibaki nimeshika kijiko. "Kwa nini, mama?"

"Zima tu."

Nikazima, akaangalia mpaka kioo kikawa cheusi. Tukala. Nikitafuna, nilikuwa namwangalia yeye, naye ananiangalia mimi, watu wawili wanaompenda mtu mmoja, na kila mmoja anamhesabu mwenziwe kuwa mtego. Alipouliza kama nimesharudi kazini, nilihisi anauliza nani amenituma. Nilipouliza kama anapata usingizi, najua alisikia, "Umezungumza naye?"

Kisha simu yake ikaita, kutoka ndani ya kanga.

Akainuka haraka kuliko umri wake, akatokea mlango wa nyuma. Nikamsikia anaongea Kishambaa kwa sauti ya chini. Kishambaa changu ni cha sokoni, lakini jina langu nalijua kwa lugha yoyote. Lilitajwa mara mbili. Nikasimama, nikaenda mpaka mlangoni. Sikuwa na adabu, najua. Tukatazamana.

Alifikiri kidogo. Kisha akaniletea simu, akabaki amesimama karibu yangu kabisa, mkono tayari kuinyang'anya.

"Saidi," ilisema sauti. "Uko peke yako?"

Hakunisalimia. Hakuniuliza hali. Miaka yote ile ya ghalani, na swali lake la kwanza lilikuwa kama niko peke yangu.

"Niko na mama yako," nikasema. "Uko wapi?"

"Niko salama. Nina kazi, nina pa kulala. Mji usiniulize."

"Mimi nakuuliza kama rafiki."

"Ndiyo maana sikwambii. Wewe ukiulizwa kitu, uso unajibu kabla ya mdomo. Nilitaka wakikuuliza useme hujui, na iwe kweli."

Nikamwambia hiyo kweli imenifanya nitazamwe kama mwizi kuanzia Makuyuni mpaka Handeni. Nikamwambia wachezaji wenzetu hawanipigii. Nikamwambia siku ile ya bao nilimkumbatia, kumbe yeye anajua atabaki. Nilikuwa naongea kwa sauti kubwa, mama yake akanigusa kiwiko.

Nikasikia kama magari yanapita upande wake.

"Kaka, nimetoka Kerenge kwenda kucheza tangu sijaota ndevu," akasema. "Kila mara narudi na jezi. Nyumba ya mama imejaa jezi. Nina miaka thelathini. Hakuna mashindano mengine yatakayonipeleka popote. Bao lile nililifunga ili niage vizuri."

Nikataka kumtukana. Badala yake nikamuuliza kama ana koti zito. Akasema analo. Simu ikakatika. Au aliikata, sijui.

Mama Elia aliichukua, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaificha tena. "Ni mimi niliyemwambia abaki," akasema. "Usimlaumu. Kabla hajaondoka nilimwambia, ukiona mlango uko wazi, usigeuke nyuma kunitazama." Uso wake ulikuwa mkavu. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Utawaambia?"

Nilisema nitachelewa usafiri. Alinifungia machungwa, akanisindikiza mpaka barabarani, na mpaka pikipiki inakata kona alikuwa bado amesimama. Sijui alikuwa ananiaga au alikuwa anahakikisha nimeondoka.

Nilipofika Makuyuni na kuwasha simu, nikakuta meneja amenitafuta. Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba. Asubuhi nilikuwa na neno moja safi, "sijui," lililonilinda kote nilikopita. Kerenge wamenipokonya.

Nikampigia mwenyewe.

"Yu hai," nikasema. "Mama yake hana wasiwasi naye. Zaidi ya hapo sitasema, mzee wangu. Na si kwamba sijui kabisa."

Meneja akavuta pumzi. Aliniuliza kama naelewa ninachokisema. Nikasema naelewa. Akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililouma, kwamba kambini ataita kipa mwingine, kwa sababu mtu anayejua na hasemi, yeye meneja hawezi kumpandisha tena kwenye ndege. Angeniitaje, hata mimi nisingejiita. Nikamshukuru. Tukaagana kwa heshima.

Basi. Hakuna timu ya taifa tena. Nimeiandika sentensi hii nione inavyokaa. Inakaa vibaya.

Na bado shaka haijaniacha, imebadilisha tu mtu. Sasa ninayemshuku ni mimi. Watu wote wanaoniuliza, "Mbona wewe ulirudi?" nimekuwa nawajibu kwamba nina shule, nina wanafunzi, nina mama. Majibu mazuri. Lakini je, nilirudi kwa sababu hiyo, au kwa sababu hakuna aliyenifungulia mlango? Kama kuna mtu angeniambia nibaki, ningetandika kitanda?

Jioni hii nikampigia mama yangu Kang'ata. Sikumweleza ya Elia. Baada ya salamu, na habari za mahindi, na mbuzi aliyezaa pacha, nikamuuliza tu.

"Mama, ungependa ningebaki kule?"

Alinyamaza mpaka nikafikiri mtandao umekatika. Mama yangu hanyamazi.

"Ungebaki," akasema, "kwa watu ningejisifu. Ningesema mwanangu yuko Ulaya, na wangenipisha kisimani. Halafu ningeingia jikoni, nifunge mlango, nilie."

Nikaona shamba la maharage, na mistari yake iliyonyooka, na mwanamke anayesubiri mgeni apotee barabarani ndipo aingie ndani.

Nilikuwa nimemshuku kwa kutolia.

Mvua imeanza sasa, kidogo kidogo, kwenye bati. Jumamosi ijayo nitarudi Kerenge. Safari hii nitazima simu kabla sijafika, sitauliza lolote, nitachukua jembe la pili nipalilie naye.