Kima, Makaa na Kiti Changu Darasani

Jumatano, alasiri. Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa jua limetoka na majani yote yanametameta.

Sasa hivi mwanangu Nasra kanipita mbio hapa kibarazani, kipande cha makaa mkononi, mashavu meusi kama kapakwa wanja uso mzima. Nimemwita, hakugeuka. Nimeinuka haraka nikidhani anampelekea kima tena. Kumbe siye kima. Kaingia ndani kwa bibi yake, na mlango ukarudishwa.

Nimekaa tena.

Kwa asiyejua huku kwetu: tunaishi ukingoni mwa msitu, na kima punju, wale wenye mgongo mwekundu, hushuka mpaka jikoni kuiba makaa. Wanayala. Juzi nilimkuta Nasra chini ya mti wa mkungu wa uwani ananyoosha kipande, na kima anakipokea kwa adabu, utasema wanagawana karanga. Mimi nikacheka. Thuwaiba hakucheka. Akanieleza kwa upole kwamba maradhi hupita, ya kima yakaja kwa mtoto na ya mtoto yakaenda kwa kima. Tangu siku hiyo gunia la makaa nnalifunga kamba. Leo nani kalifungua, sijui.

Thuwaiba ni mmoja wa wanafunzi wa shahada ya pili waliopanga nyumba ya jirani. Mimi nnawapikia. Kila mmoja kasomea lake: Thuwaiba wanyama, Jofrey, kijana wa bara, sheria, na mwenzao mambo ya uchumi. Lakini mwalimu wao kawaunganisha kwa makusudi, na anawabadilisha kazi. Mwanasheria akatazame kima wanakula majani gani, mtu wa wanyama akakae na wakulima awasikilize. Jofrey siku ya kwanza alirudi kashika shingo.

"Mama Nasra, hawa wateja wangu hawakai chini!"

Nikamwongeza kipande cha samaki.

Tena hawaruhusiwi kuandika neno lolote la msituni mpaka wote watatu wamelikubali. Basi wanagombana! Wanagombana huku wanakula, na mimi nnachelewa kuondoa sahani kusudi.

Nnaupenda ule ugomvi, shajara yangu. Mimi nimeishia kidato cha pili. Nilidhani mtu akifika juu huko kwenye elimu huwa anajua yote. Hawa kila siku wanaambiana, "Hili silijui, nieleze." Wala hawaoni haya.

Wiki iliyopita Thuwaiba aliniomba nimpeleke kwa wanawake wenye minazi. Wa kwanza alikuwa mkwe wangu, Bi Hadia, bibi yake Nasra. Bi Hadia hakumung'unya maneno. "Kima wako wanakula vidaka vyangu vingali vichanga, nazi sizioni. Wao wana mlinzi. Mimi mlinzi wangu nani?"

Thuwaiba akamwomba amtembeze shambani. Wakazunguka mnazi kwa mnazi mpaka adhuhuri, na Bi Hadia akarudi kamshika mkono kama mtu na mwanawe. Lakini hasira yake kwa kima iko pale pale.

Sasa jana mwalimu wao kaja na habari. Kundi lijalo la mafunzo litakuwa na viti vya watu wa vijijini. Darasa liko Mji Mkongwe kwa wiki kadhaa, kisha wote pamoja kurudi huku msituni. Kiti kimoja wanataka nikikalie mimi.

Si kupika. Kukaa, kuuliza, kubishana.

Nikamwambia sina cheti. Akasema hakuna aliyekiulizia.

Gari ya kwenda mjini itapita kesho asubuhi.

Mume wangu yuko Uroa, anafanya kazi hotelini. Nilipompigia alifurahi mpaka sauti ikapanda. Kisha ikashuka. "Lakini muulize mama. Mtoto atabaki na nani?"

Nshamuuliza Bi Hadia. Jana, tunapeta mchele.

"Chuo cha kima!" kasema. "Utarudi na mkia, mwanangu."

Nikacheka, nikangoja. Akaendelea kupeta.

"Minazi yangu inaliwa, na wewe uniachie mtoto ukawasomee wanaoila?"

Nikamwambia, "Mama, nikiwemo mle ndani, na ya minazi yako yatasemwa. Nisipokuwemo, yatasemwa ya kima tu."

Tangu hapo ananisemesha ya chumvi na ya maji, basi.

Bila ya yeye siendi. Nasra hana mwengine wa kubaki naye, na hata angekuwepo, sitaki kuondoka nyumba hii huku mwenyewe kanuna. Begi nimelitoa chini ya kitanda, nimelirudisha, nimelitoa tena.

Lakini nnataka kwenda. Nnaliandika hapa ili nisijidanganye. Nnataka Nasra akue na kima juu ya mti na nazi chunguni, vyote viwili, na siku wakikaa watu kuamua vipi viwepo vyote viwili, mama yake awe mmoja wao.

Mbona kunanukia udi?

Bi Hadia hachomi udi ovyo. Huchoma Ijumaa, na siku mtu wa nyumba hii anaposafiri. Mume wangu alipokwenda Uroa, alimfukizia mashati yake moja moja. Leo Jumatano. Wala mgeni hatuna.

"Mama Nasra!"

"Naam, mama!"

"Njoo uligeuze buibui lako lisiungue, mimi mkono mmoja nimemshika mwanao! Unataka kuingia mjini unanuka moshi wa kuni, waseme kwa Bi Hadia hakuna udi?"

Shajara yangu, kumbe kile kipande cha makaa kilikuwa cha chetezo cha kufukizia udi, na gunia kalifungua Bi Hadia mwenyewe, na mimi muda wote huu nimekaa hapa nikidhani bado kanuna. Ngoja nikaligeuze buibui.