Baba Hakuwa Sajini

Makambako, Jumamosi jioni, mwezi wa saba.

Baridi ya leo imezidi. Asubuhi sakitu, umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya majani ya viazi kama unga uliomwagika, na hata sasa, nikiwa karibu na moto, vidole vyangu vinashika kalamu kwa shida. Au labda si baridi. Tangu tuondoke bomani Njombe jana, sijaweza kuandika neno.

Baba hakuwa sajini.

Nimeliandika ili nilione. Bado halifanani na jambo la kweli.

Habari ya kifo chake ilitoka Burma, alikopelekwa kupigana, nikiwa mdogo, vita ikikaribia kwisha. Mama alipokwenda mara ya kwanza kuchukua fedha ya mjane, karani alimwita dirishani kwa jina la mjane wa Sajini. Alirudi na neno hilo kijijini, na watu waliokuwa wakilia wakanyamaza kidogo. Tulidhani alipandishwa cheo karibu na mwisho, na barua ya kutuambia ikapotea njiani. Tangu siku ile mama akaitwa Mama Sajini. Dereva wa lori la Mhindi humkalisha mbele, kando yake, hata lori likiwa limejaa wanaume. Maiti haikuja, kwa hiyo nilipojua kuandika tulisimamisha msalaba wa mbao makaburini, na mimi ndiye niliyechoma herufi kwa msumari wa moto. Neno la kwanza nililolichoma ni SAJINI. Nililifanya kubwa kuliko jina lake.

Na mimi nikawa binti wa Sajini. Shuleni neno hilo ni fimbo. Nikiitwa kusoma mbele ya darasa sauti yangu hukauka, na mwalimu husema, "Binti wa Sajini anaogopa watoto wenzake?" Darasa hucheka. Huwa najiuliza damu ya baba ilipitia wapi isinifikie.

Wiki iliyopita ikaja barua ya boma. Niliisoma mimi, mama akisikiliza huku akimenya viazi. Ilisema karani wa zamani, ambaye amekwisha kuhamishwa, alimwandika baba miongoni mwa masajini kwa makosa. Baba alikuwa askari wa kawaida hadi siku ya kufa kwake. Basi mama amelipwa kupita haki yake, na arudishe ziada yote, la sivyo mtamba wetu wa ng'ombe atachukuliwa. Asiyeridhika afike mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

Mtamba huyo ndiye ada yangu ya shule ya kati. Hatuna kingine.

Mama alimaliza kumenya, akachukua jembe, akaenda shambani ingawa jua lilikuwa linazama. Aliporudi alisema tutakata rufaa. Kosa ni lao, wasimlipishe yeye.

Jana barazani tulimkuta karani wa sasa, kijana mpole wa kutoka pwani. Alitueleza jambo ambalo nalishukuru na kulichukia. Bwana Shauri ana ruhusa ya kusamehe deni, lakini kwa mtu aliyepokea kwa kuamini tu. Akiona mama alijua, au hata alishuku, hatasamehe. Aliinama akaniambia taratibu, "Mwambie mama aseme aliamini. Asiongeze neno. Akiongeza, mtamba kwaheri."

Nilimwambia mama. Akaitikia kwa kichwa.

Tarishi anayejua Kibena, lugha yetu, alikuwa safarini, na Kiswahili cha mama ni cha sokoni, cha bei na salamu. Kwa hiyo mimi nilitakiwa kuyageuza maneno yake kwa Kiswahili, karani ayapeleke kwa Kiingereza. Mimi, ambaye siwezi kusoma ukurasa mmoja mbele ya wenzangu. Nilisimama mbele ya meza ya Bwana Shauri, nikitazama kidau cha wino.

Mambo ya kwanza yalipita salama. Jina, kijiji, watoto. Kisha Bwana Shauri akauliza kama mama hakushangaa kusikia mumewe ni sajini.

Mama akasema kwa Kibena, polepole, "Nilishangaa."

Karani alinitazama. Alikuwa amelisubiri neno moja tu, nami nilikuwa nalo tayari mdomoni. "Aliamini." Hakuna mtu chumbani mle ambaye angejua isipokuwa mama na mimi. Nilimwona mtamba wetu, na paji lake jeupe, akiongozwa kwa kamba. Niliona sare ya shule ya kati ambayo sijaivaa bado.

"Sema, mwanangu," mama akaniambia. "Sema kama nilivyosema."

Nikasema. Sauti ilitoka. Sijui ilitoka wapi.

Karani akafumba macho kidogo kabla ya kuligeuza kwa Kiingereza. Bwana Shauri akaweka kalamu chini, akauliza kwa nini alishangaa. Na hapo mama akazungumza kuliko nilivyowahi kumsikia akizungumza juu ya baba. Alisema mumewe alikuwa mtu wa haya. Aliogopa hata jogoo wa jirani, akawa anazunguka nyuma ya nyumba ili asikutane naye. Mbele ya watu sauti yake ilikuwa inakauka, na siku ya kuposa ilibidi kaka yake amsemee. Mtu wa namna hiyo angeamrisha nani?

Niliyasema yote hayo. Moja baada ya jingine, kwa kinywa changu, na kila nililosema lilikuwa mimi.

Aliulizwa kwa nini basi hakuja kusema.

"Ningekuja kusema nini?" mama akajibu. "Kwamba mmemheshimu mume wangu kupita kiasi? Nilifikiri labda vita imembadilisha. Nikafurahi. Nikasema, kumbe huko mbali hakuwa mtu wa kufokewa."

Hapo nilishindwa. Nilianza sentensi ile mara mbili. Karani alingoja, wala hakunihimiza, na nilipoimaliza alichukua muda mrefu kuipeleka. Bwana Shauri alitazama dirishani. Kisha akasema aliyefurahi hivyo alipokea kwa kuamini, kosa lilitoka ofisini kwake, na deni limefutwa. Fedha ya mwezi itashuka iwe ya askari wa kawaida, na mama aweke dole gumba kwenye karatasi kukubali cheo cha kweli.

Mama hakunyoosha mkono. Aliuliza, "Kidole hiki kinamshusha yeye, au kinanishusha mimi?"

Jibu lilirudi kwamba hakimshushi mtu, kinarekebisha karatasi tu. Mama akasema basi hakuna neno. Akabonyeza. Nje alifuta wino kwenye majani yenye umande, na baadhi yake hadi leo umo kwenye mikunjo ya kidole.

Kwenye lori dereva alikuwa amekwisha kumfungulia mlango. "Kamwene, Mama Sajini. Panda." Mama akamwitikia vizuri, kisha akapita, akakwea nyuma kwenye magunia. Dereva akauliza amemkosea nini. "Hujanikosea," mama akasema. "Nimekaa mbele siku nyingi, mwanangu, na mwingine akae." Nikakwea nyuma yake. Upepo ulitukata masikio hadi Makambako.

Nilidhani nitaona furaha. Mtamba yupo zizini, namsikia anavyocheua. Lakini bado nimeduwaa. Nimempoteza mtu niliyechoma jina lake kwa moto, na mahali pake amesimama mwingine ambaye sikuwahi kuambiwa habari zake, anazunguka nyuma ya nyumba kumkwepa jogoo.

Jioni hii nilimuuliza mama kuhusu msalaba. Alisema kesho kabla ya ibada nichukue kisu nikwangue neno la kwanza. Jina libaki. Herufi za kuchoma zina kina kirefu, na nadhani kovu litaonekana daima. Mama anasema acha lionekane.

Na Jumatatu mwalimu ataniita tena mbele. Najua atakavyosema, na darasa litacheka kama kawaida. Sijui kama sauti itatoka. Lakini kabla ya kusoma nitamwambia kwamba mimi si binti wa sajini. Baba yangu alikuwa askari wa kawaida, mtu mwenye haya, na akaenda vitani hivyo hivyo.