Kanga Juu ya Kioo cha Kompyuta

Shoga yangu Mwanakheri,

Nnakuandikia kwa kalamu, na mwandiko wangu unaujua, kuku akiparura uwanjani anaandika vizuri kuliko mie. Sina njia nyengine. Anuani yako ya barua pepe ya kazini nimeifunga leo asubuhi, mbele ya wanafunzi wetu, na tangu hapo nimekaa hapa ofisini nnatafuta wa kumwambia. Wa kumwambia ni wewe.

Najua utauliza kwa nini nimechelewa. Sheria tuliiandika wenyewe, mie na wewe: mfanyakazi akiondoka, anuani yake inafungwa wiki ile ile. Haya, kumbe sheria ni nyepesi ukiwaandikia watu wengine. Tangu tukuzike, kila nikikaa kwenye seva naliona jina lako, nalipita, najifanya sikuliona. Arobaini yako ikapita, nikasema bado kidogo. Na lile jibu uliloliweka siku unakwenda hospitali, linalojituma lenyewe kwa kila anayekuandikia, nikaliacha vile vile: "Sipo ofisini kwa sasa. Nikirudi nitakujibu, inshaallah." Uliondoka ukisema ni tumbo tu, siku mbili tatu.

Wallahi shoga, nlikuwa nakuandikia. Natuma neno moja, "hujambo," ili nilipate lile jibu. Najua fika ni mashine inayojibu, mashine yenyewe naiendesha mimi. Lakini maneno ni yako, nami nlikuwa nayataka.

Habari za huku ni njema. Mama yako yu mzima, nilikwenda Jambiani kumtazama. Goti linamsumbua lakini karejea kwenye mwani wake, anasema akikaa ndani anakusikia unamwita. Chumba cha seva kimetiwa kiyoyozi kipya, na kwa baridi yake hiyo ungegoma kuingia. Na kozi yetu inaendelea. Wale wanne wa kompyuta tuliowatoa kwenye hoteli za kampuni, Makame wa Kizimkazi, Salma wa Nungwi na wenzao wawili, walikataa kuiacha katikati. Basi nimekuwa mwalimu peke yangu, mie ambaye kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma nikusahihishe ukikosea. Na kwa kuwa hukosei, nlikuwa nakula kashata.

Nawafundisha kwa maneno yako, sina mengine. Tulipofika kwenye akiba ya barua, zile nakala tunazoziweka kando seva isije ikafa nazo, nikawaambia ulivyokuwa ukituambia, kwamba akiba ambayo hujawahi kuijaribu kuirejesha si akiba, hiyo ni dua. Makame akaitikia amin. Ungemtoa nje. Lakini siku nilipoizima makusudi seva ya mazoezi, ni Makame huyo huyo aliyewaongoza wenziwe wakazirejesha barua zote, mie sikutia hata kidole. Jioni yake nikawachukua Forodhani tukala urojo, na tulipokaa Salma akaacha nafasi yako pembeni yangu bila ya kuambiwa. Sikuweza kumaliza bakuli langu.

Likabaki somo la mwisho, la kufunga anuani ya mtu aliyeondoka. Wewe mifano ya kubuni ulikuwa huipendi, ukisema mtu hajifunzi kuogelea juu ya mkeka. Na kampuni nzima, anuani inayongoja kufungwa ilikuwa moja. Nlitaka nilipitishe somo lile juu juu, wafanye mtihani, waende zao. Ndipo alipokuja Bwana Nassor.

Bosi wetu alikuwa anazitaka barua ulizoandikiana na wale waliotuuzia programu ya seva, maana mkataba wao unakaribia kwisha. Hilo sawa, ni haki ya kazi. Lakini akataka sanduku lako zima la barua linakiliwe, apewe, alitazame mwenyewe kwa nafasi yake. Nikamwambia mle mna mambo yako, mtu hakai kazini miaka yote hii asimwandikie ndugu, asimwandikie daktari. Akanijibu, "Marehemu hana siri."

Damu ilinipanda, Mwanakheri. Si mtu mbaya, unamjua, ana haraka tu, na haraka yake haichagui. Nikamjibu kwa adabu zote, "Bwana Nassor, marehemu ndiye mwenye siri kutushinda sote, maana hana mdomo wa kujitetea." Akasema kesho asubuhi atakuja kuichukua nakala yake, akaondoka. Nami nikabaki najua jambo moja. Nikikataa mimi, ataamrishwa Makame. Na Makame sasa anaweza, tumemfundisha wenyewe. Basi nikawaambia wanafunzi kwamba somo la mwisho tutalifanya kesho, kwa anuani yako.

Leo asubuhi nilipoingia darasani, Makame kwa wepesi wake alishalifungua sanduku lako na mkono uko tayari kuteremka na barua moja moja. Nikazima projekta, nikamwambia aondoe mkono. Akashangaa. Akasema si tuna ruhusa zote? Anazo, kweli. Anayeiendesha seva hakuna mlango usiomfungukia. Jibu la kitaalamu nikaliacha, nikawauliza nani kati yao kashawahi kuosha maiti.

Salma ndiye aliyeinua mkono. Alimwosha bibi yake. Nikamwambia awaeleze wenziwe, akaeleza kwa sauti ndogo: maiti haachwi wazi, anafunikwa shuka, mkono unapita chini ya shuka na macho hayaufuati mkono. Na ulichokiona mle hutoki nacho.

Mie nlikuwemo ulipooshwa, shoga. Nilimimina maji. Nakumbuka harufu ya majani ya mkunazi na karafuu maiti, na shangazi yako alivyokuwa akilishikilia lile shuka lisisogee, akikusemesha pole pole, utadhani utaona haya. Sijamwambia mtu neno la chumba kile, na sitosema.

Basi nikaichukua kanga yako, ile uliyokuwa ukijitanda kwa baridi, bado iko mgongoni mwa kiti chako, hakuna aliyethubutu kuiondoa. Nikaitandaza juu ya kioo cha kompyuta, orodha yote ya barua ikapotea chini yake, pakabaki pale juu tu pa kuandika unachokitafuta. Makame mwenyewe akaandika jina la wale wauzaji. Seva ikazichambua barua zao tu, ikaziweka kando, nyengine zote hazikuguswa.

Tumo katika hilo, Bwana Nassor akatokea mlangoni. Akaiona kanga. Akatuona watu wazima tumeinamisha vichwa. Unakumbuka tulivyokwenda kumpa pole alipofiwa na babake, na akatwambia alimwosha kwa mikono yake? Alirudi nyuma, akaurejesha mlango taratibu. Nilipompelekea zile barua za mkataba alizipokea kwa mikono miwili, akaniuliza hali. Sanduku zima hakuliulizia tena.

Tukaelekeza barua mpya zije kwangu, wateja wasipotee. Tukabadilisha neno la siri. Likabaki lile jibu lako, na hapo mkono ulinikataa. Nimekaa nalitazama, nalitazama, darasa zima linaningoja. Salma akanambia, "Niachie mie, Bi Maryam." Nikamwachia. Nililia, shoga, mbele ya wanafunzi, mie niliyekuwa nikikucheka wewe ukilia kwenye harusi. Makame, na mdomo wake wote ule, alikwenda kuniletea maji, akayaweka mezani, akakaa karibu yangu.

Nakukosa. Nakukosa nikicheka na nikikasirika, na zaidi nikikasirika.

Mwosha huoshwa, wazee walishasema. Siku yangu itafika, jina langu litabaki kwenye seva ile ile, na mmoja katika hawa ataambiwa alifunge. Mle mna mambo yangu, mengine unayajua, mengine hata wewe nilikuficha. Jana ungeniuliza, ningekwambia naogopa. Leo nimewaona mikono yao inavyokwenda, siogopi.

Lala, Mwanakheri, Mola akupe nafasi huko uliko. Mie nnakuahidi hili: wanaokuja mwakani, na watakaowafuata, sitompa mtu funguo za seva kwa sababu anajua kufungua. Nitampa nikishamwona anavyoinamisha macho.

Shoga yako,
Maryam