Simpigii Magoti Yule

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Yaya kwenye filamu. Nimefua nguo za watu, nimesuka saluni, nimeuza mitumba, nimeigiza jukwaani watu wakitafuna njugu na kuongea na simu. Leo kamera!

Halafu nikauliza bosi wa yaya anachezwa na nani. Yule. Aliyenichukulia mume! Nikasaini hivyo hivyo.

Ijumaa, 15 Machi
Ananituma hata kamera ikizimwa. Mletee maji. Mshikie mkoba. Dairekta anacheka, eti tunavaa uhusika. Uhusika gani? Mimi namchukia bila mazoezi.

Jumatatu, 25 Machi
Wameongeza sini kwenye filamu. Wazo la yule! Yaya akiri wizi, apige magoti, amshike bosi miguu, aombe radhi. Na mtalaka wangu kaalikwa kuja kutazama, awekewe kiti kabisa. Sasa huyu mwanamke ana kijiba gani cha roho? Mume si alishabeba?

Nimekataa. Dairekta kasema mlango ule pale, mayaya wamejaa mjini. Nikarudi kukaa. Kazi hii nimeihangaikia miaka, jamani.

Msusi wa hapa, shoga yangu, akanivuta pembeni. Dairekta ananitisha tu, kasema. Nimeshapigwa picha nusu ya filamu, na misuko hii hii kichwani. Wakinibadilisha wanaanza upya. Kumbe!

Jumanne, 26 Machi
Nimejifungia chumba cha mekapu. Naandika huku nimepakata mashine ya kunyolea. Nimewaambia kupitia mlangoni: ondoeni magoti, la sivyo nanyoa kipara, tuone picha mtaziunganishaje!

Dairekta, kwa sauti laini, eti hebu dada yangu tuyajenge. Tangu lini mimi dada yake?

Yule akafoka nyuma yake. Aachwe, hathubutu. Hata kwa mumewe alikuwa hivyo hivyo, mdomo mrefu, vitendo hakuna.

Basi nimewasha. Nimekata njia moja, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Misuko imeanguka mapajani. Natisha! Nimelia pia, nisijidanganye — naitaka hii kazi mpaka naumwa.

Wamesikia mlio. Sasa wanagombana wao kwa wao huko nje. Dairekta anamtukana yule, yule anamtukana dairekta. Raha!

Kuna anayegonga taratibu. Mtalaka wangu. Anawaambia watulie, yeye ananijua, nitamfungulia tu.

Nimehamisha mashine upande wa kushoto wa kichwa.