Riboni Kwenye Gari la Zimamoto

Mjukuu wangu Mutua,

Huku Machakos tuko salama, na yule mbuzi wako amezaa. Lakini ati unauliza kwa nini mkubwa wako amekukataza kumpelekea rafiki yako maji ya harusi na gari la zimamoto? Wewe kijana!

Kiangazi kimoja, dereva wa zimamoto hapa alijazia watu mapipa ya harusi kule Kathiani. Wakamfungia riboni kwenye vioo. Siku hiyo hiyo duka la Halima, jirani yangu sokoni, likashika moto. Gari likaja na king'ora, riboni zinapepea, tangi halina hata tone. Halima alimwuliza dereva, "Na bibi harusi umemwacha wapi?"

Ukipata jibu, niandikie.

Nyanya yako