Mjukuu Wako na Baba Yake

Mama mkwe mpenzi,

Shikamoo. Hapa hatujambo kiasi. Mwanao amepata kazi ya kutengeneza milango ya shule, anarudi na vumbi la mbao hadi kwenye kope. Mimi bado nasoma Kiingereza kwenye darasa la watu wazima.

Juzi tulifundishwa “take after”. Mwalimu alisema ni kufanana na mzazi au mkubwa wako wa damu, kwa sura, tabia, hata mwendo. Kwa rafiki haitumiki. Mwenzetu mmoja darasani, muuza mkaa, akatunga sentensi kwamba yeye na mama yake ni mdomo mmoja. Tukamwambia, “Tunajua, dada, hata wateja wanajua!” Mimi nikasema, “My daughter takes after her father.” Mwalimu akauliza, “Kwa lipi?” Nikajibu, pua.

Mama, si pua. Mtoto akinipa mgongo nikamwita, hageuki. Jana sufuria ilinidondoka nyuma yake, akaendelea kuchezea vifuniko vyake.

Kabla ya ndoa uliniambia mwanao aliharibika masikio kwa kuanguka utotoni. Nimemuuliza kwa maandishi, hakumbuki kuanguka popote. Daktari niliyempelekea mtoto anataka kujua masikio ya mwanao yalianza kuharibika akiwa na umri gani, na kama kwenu yupo mwingine asiyesikia. Akijua mapema, huenda akaokoa kilichobaki. Sina kinyongo. Hata mimi ningeficha, ili mwanangu apate mwenza.

Niandikie ukweli, mama, tena upesi. Nikimwimbia mtoto karibu kabisa na sikio la kushoto, bado anacheka.

Mkweo akupendaye,
Mama wa mjukuu wako