Hodi kwa Bi Zuhura

Jumatatu, 1 Septemba

Mazoezi ya sauti darini, kama kila asubuhi. Nguo za jirani zimeanikwa, mimi katikati yake napaza aa na oo mpaka mama wa nyumba ya pili akafunga dirisha. Kisha ukumbini kwetu, mtaa wa Mbaraki, na wenzangu wa kikundi cha maigizo. Mchezo wetu mpya wa kuchekesha haujakaa. Mimi ndiye mama mkwe. Sauti ninayo, miguu bado.

Kesho naenda kumwamkia Bi Zuhura.

Jumanne, 2 Septemba

Nimekasirika sijui nianzie wapi.

Nilifika kituo cha wazee Tononoka mapema kuliko siku zote. Geti wazi. Uani, mabibi watu wazima wamepangwa juu ya viti vya plastiki, khanga zimeshushwa kiunoni, wanamwagiwa maji kwa mpira kama gari. Muuza maziwa amesimama pale pale akingoja vyombo vyake. Bi Zuhura alikuwa mwishoni. Aliniona. Akageuza uso ukutani.

Huyu ndiye aliyenifundisha kuingia jukwaani, kusimama, na kunyamaza. Alikuwa hatoki chumba cha mavazi mpaka nguo zifukizwe udi. Mtoto hakujaaliwa. Kiharusi kilipomchukua mguu na mkono mmoja, mpwa wake wa Malindi akamleta hapa.

Nikageuka, nikaondoka.

Jumatano, 3 Septemba

Nimerudi. Shikamoo yangu aliiitikia kama kawaida, kisha akasema yote bila kulia. Ubaridi wa maji si kitu, anasema. Kinachomuuma ni kwamba haulizwi. Mlango wa chumba chake husukumwa tu. Wanaitwa "watoto". Watoto, haya, kuoga.

Bafu lipo. Mlango wake uliliwa na mchwa, basi likageuzwa stoo. Nimechungulia: magunia ya makaa.

Nikamwendea Mama Atieno, mlezi, nikiwa tayari kugombana. Mama wa bara, mpole, macho yamechoka. Akaniambia wako wawili kwa nyumba nzima, na mpira ndio unaomaliza kazi. Akaniambia pia kuwa yeye asingekubali mamake mzazi aogeshwe vile. Nilitaka kumchukia. Imenishinda.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimeonana na msimamizi, Bwana Kombo. Alinikaribisha soda. Mtu wa adabu, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Anasema wazee wakifika umri huo hawaoni haya tena, na jamaa zao hawajawahi kulalamika. Nilimuuliza kama amewauliza wenyewe. Akacheka kidogo.

Nimetoka nikiwaka. Nikipita kiwanja cha Tononoka mchezo ukanijia mzima, nikasimama juani kama mwendawazimu. Mchezo wa mama mkwe basi, tunauacha. Bibi mmoja amekaa kitini katikati ya jukwaa. Watu wanaingia bila hodi. Wanamlisha, wanampangusa, wanamhamisha, wanazungumza juu ya kichwa chake. Kila akianza neno wanamkata. Wote wema, wote wanatabasamu. Watazamaji watacheka. Kisha watanyamaza.

Wenzangu wamekubali kabla sijamaliza kueleza.

Jumamosi, 6 Septemba

Mazoezi moto. Sijisikii njaa. Bibi ni mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Nilimwigizia Bi Zuhura chumbani kwake. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akaniambia mwendo wangu si wa mtu mzima, ni wa mlevi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kiti hicho nitakaa mimi," akasema.

Mungu wangu. Naogopa. Nafurahi. Nimeruka ngazi za nyumbani mbili mbili.

Ijumaa, 12 Septemba

Bwana Kombo amekataa. Eti Bi Zuhura hatoki bila idhini ya mpwa. Mpwa naye kapigiwa simu Malindi, hataki jina la ukoo wao lipandishwe jukwaani. Na mimi nimepigwa marufuku kuingia. Askari wa geti aliniambia huku akitazama viatu vyake.

Nililia kwenye tuktuk. Dereva akapunguza redio.

Jumapili, 14 Septemba

Habari imeenea Kibokoni, mtaani kwetu. Nikipita barazani, mzee mmoja akaniita kwa heshima, akanionya kuwa mambo ya watu wazima ni ya kusitiriwa, si ya kuanikwa mbele za watu. Nilimjibu kwa heshima ile ile kwamba yameshaanikwa, kila alfajiri, na muuza maziwa ni shahidi. Kisha akauliza mchezo ni siku gani.

Mama Atieno amewaambia akina mama wa kanisani kwake. Watakuja. Mimi bado sina Bi Zuhura.

Jumanne, 16 Septemba

Siku gani hii! Naandika nikiwa nimesimama.

Mama Atieno kanipigia asubuhi, ananong'ona. Bi Zuhura amegoma. Ameshika nguzo ya kitanda, amesema ataoga siku bafu litakapokuwa na mlango. Bibi wa kitanda cha pili akasikia, naye akashika yake. Mpaka jua linapanda, viti vya uani vitupu, nyumba nzima haijaoga.

Bwana Kombo akaja mbio. Bi Zuhura hakubishana naye. Aliomba simu tu, akampigia mpwa wake mbele ya watu wote. Akamwambia haombi ruhusa, anamjulisha siku ya mchezo. Akamkumbusha kuwa yeye ndiye shangazi yake, si mwanawe. Mama Atieno anasema mpwa alijibu kwamba atakuja na gari kumchukua mwenyewe.

Nimecheka, nimelia, nimemkumbatia jirani ambaye hata hatusemezani.

Ijumaa, 19 Septemba

Nguo zake nimezifukiza mwenyewe.

Jumamosi, 20 Septemba

Niandike kabla sijapoteza chochote.

Mchezo wa alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini. Mabuibui ya Kibokoni na vitambaa vya akina mama wa kanisani, safu moja. Mpwa mbele. Bwana Kombo nyuma, karibu na mlango. Bi Zuhura tulimwingiza kwa kiti cha magurudumu, akaomba ahamishiwe kiti cha kawaida kabla pazia halijafunguliwa.

Watu walicheka nilipowataka wacheke. Wakaanza kunyamaza. Kisha, katikati ya maneno yake, Bi Zuhura akakwama. Midomo wazi, hamna kitu. Yamempotea. Mimi pembeni, nimekufa nimesimama.

Akainua kichwa. Akawatazama watu, taratibu, upande mmoja mpaka wa pili.

"Nimesahau niliyoandikiwa," akasema. "Yangu mwenyewe nayakumbuka. Mimi si mtoto. Nalikuwa mtoto, nikakua. Mukija kwangu, bisheni hodi. Na mungoje niitike."

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyekohoa. Kisha bibi mmoja wa safu ya mbele, simjui, akasema polepole: hodi. Wa pili yake akasema. Halafu ukumbi mzima, wanaume kwa wanawake, hodi.

Na Bi Zuhura akawangojesha. Ni yeye yule, jukwaa lake lile lile. Akatengeneza mtandio. Akautandaza mkono wake mzima juu ya ule mgonjwa.

"Karibuni," akasema.

Vigelegele mpaka nikahisi sakafu. Nilikuwa natakiwa kuingia. Nilisahau.

Jumatatu, 22 Septemba

Bwana Kombo amenifuata Kibokoni. Hakuomba radhi. Alikaa barazani akizungusha kofia mkononi, akanieleza kuwa ana mamake Kwale, kwamba tangu Jumamosi anamfikiria. Kisha akauliza kama namjua fundi seremala mzuri. Nikampeleka mtaa wa pili.

Jumamosi, 27 Septemba

Makaa yametolewa. Mlango umetiwa, na komeo la ndani. Walezi bado wawili, kwa hiyo zamu za kuoga zimekuwa ndefu na wengine wananung'unika. Hilo linafuata. Ukumbi wa Likoni umetuita. Na Kilifi. Bi Zuhura anataka twende kote kuwili.

Jumatano, 8 Oktoba

Joto limeanza. Nilikwenda Tononoka baada ya adhuhuri na maembe. Mama Atieno akabisha mlango wa Bi Zuhura, akangoja, akaingia. Akakaa kidogo. Akatoka ameona haya. Akaniambia Bi Zuhura ananisalimu sana, lakini leo hataki mgeni.

Iliniuma kidogo, siwezi kusema uongo. Nikampa maembe.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, upande wa kivuli.